Fundi Dorine na Uzi wa Jua

Ukishuka barabara ya ziwani pale Keshero, mjini Goma, ukaulizia kwa Dorine Namegabe, mtu wa kwanza atakuuliza: Dorine wa cherehani au Dorine wa jua? Usihangaike kuchagua. Ni mtu mmoja, ana miaka arobaini na saba, mfupi, ana ulimi mkali na mikono isiyotetemeka. Kati ya saa mbili na saa mbili na nusu asubuhi hapokei mteja yeyote, hata aje bibi harusi analia.

Wakati huo yuko uani, nyumba kaipa kisogo, jicho kwenye darubini na penseli mkononi. Uani kwake hakuna udongo. Ni lava tupu, nyeusi na ngumu, na Dorine husema hiyo ndiyo faida pekee aliyowahi kuiona kwa Nyiragongo, ule mlima wa moto: miguu mitatu ya darubini ikisimama pale, haitikisiki. Anachora jua. Si jua lenye miale na uso unaocheka kama wanavyochora watoto wadogo wa maternelle, bali jua lenyewe, na madoa yake yote, moja moja, mahali pake.

Alizaliwa Bukavu. Shule aliiacha akiwa mwaka wa tatu wa sekondari, kwa sababu baba alikufa na wadogo zake walikuwa watano. Mama yake, ambaye naye alikuwa fundi wa nguo, alimketisha kando ya meza ya kukatia, na somo la kwanza halikuwa mkasi wala sindano. Lilikuwa kupapasa kitambaa na kutambua nyuzi zake zinaelekea wapi. Kila kipande cha karatasi ya kukatia, kiwe cha mkono au cha kola, lazima kichorwe mshale wa kuonyesha mwelekeo wa nyuzi. Mafundi wa huku huuita droit-fil. Ukiusahau mshale huo, nguo itatulia vizuri mezani, kisha ikifuliwa mara moja tu itajipinda mwilini. Mama yake alimpiga rula ya vidole mara mbili tu maisha yake yote, na mara zote mbili kosa lilikuwa mshale.

Alipoolewa na Aubin Bahizire, karani wa ofisi moja ya kusafirisha mizigo, walihamia Goma, wakazaa binti mmoja, Olive, na Dorine akafungua duka lake la kushona. Maisha hayakumtupa. Lakini ile shule aliyoiacha njiani ilimkaa rohoni. Hakuwa mtu wa kujililia, ila mtu akizungumza naye kama asiyejua kitu, damu ilimchemka hadi masikioni.

Darubini aliikuta kwa bahati. Mwanzoni mwa mwaka 2024 shule moja ya wasichana, isiyo mbali na kwake, ilimwita apime madirisha ya maabara na ya ofisi ashone mapazia. Chini ya meza palikuwa na sanduku lenye vumbi la miaka. Mkuu wa shule, Mama Léonie, ambaye kila mtu anamwita préfète, alimweleza kwamba ni zawadi ya mgeni mmoja wa zamani, na kwamba hakuna mwalimu aliyethubutu kuitumia kwa kuogopa macho ya watoto. Ndani ya sanduku mlikuwa na darubini ndogo, duara la karatasi ngumu lililowambwa utando wa kung'aa kama fedha, na maelezo ya kurasa mbili. Dorine aliyasoma mara mbili akiwa bado na futi shingoni. Utando ule ulikuwa kichujio. Unavikwa mbele ya darubini, upande wa jua, kamwe si upande wa jicho, na bila huo jicho linateketea kabla mtu hajasema lolote.

Akauinua kwenye taa, akatafuta matundu kama anavyokagua hariri dukani. Haukuwa na tundu hata moja, ila duara lilikuwa linalegea. Akaomba aende nalo nyumbani hadi Jumatatu. Akalishonea mkono wa kitambaa cha jinzi wenye lastiki, likabana kiasi kwamba hata upepo wa ziwani usingeliondoa. Kile kidarubini kidogo cha kulengea, kilicho juu ya kikubwa, alikishonea mfuko na kukifunga kabisa, asije mtoto akachungulia humo.

Kisha akaangalia. Alitarajia moto. Alichokiona ni duara jeupe, tulivu, lenye ukingo safi, na ndani yake madoa saba meusi, moja limezungukwa na kijivu pembeni. Aliketi chini kwenye lava. Alijisikia kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kilichokuwa nyumbani kwake miaka yote. Akamwita Aubin, naye akachungulia kwa muda mrefu, akasema kumbe jua nalo lina chunusi. Dorine alicheka hadi machozi yakamtoka, na ukweli ni kwamba hayakuwa yote ya kucheka.

Mama Léonie si mtu wa kuacha kitu kioze sandukuni. Alikubali Dorine akae na darubini, kwa sharti moja: kila siku ya masomo yenye jua, alete mchoro wa kubandikwa ukutani kwenye maabara. Na Dorine akaleta. Kila asubuhi, saa mbili ileile, alikagua kichujio kwenye taa, akakivika, kisha akalitafuta jua kwa kivuli: aliizungusha darubini hadi kivuli chake kwenye lava kikapungua na kuwa kiduara kidogo, na hapo jua lilikuwa ndani. Alichora duara kwa kuzungusha penseli kwenye kisahani cha chai. Akaweka madoa makubwa kwanza, kisha madogo, akilisogezea jua darubini kidogo kidogo kila lilipotaka kumtoroka. Chini aliandika tarehe, saa na hali ya mawingu. Mwaka ule jua lilikuwa na madoa tele, na wasichana walizoea kupita ukutani kabla ya somo kuona leo kuna mangapi. Walimsalimu njiani kwa jina. Kufikia mwisho wa Mei, ukuta ulikuwa na michoro arobaini na mmoja, na Dorine alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kumweleza mtu, furaha ya kwamba kuna kitu kiko shuleni kwa sababu yake.

Ndipo akaja Wenceslas.

Nisimpake matope. Wenceslas alikuwa mwalimu mpya wa fizikia kutoka Butembo, profesa kama wanavyoitwa huku walimu wa sekondari, mtu wa shati lililopigwa pasi, anayefika kabla ya kengele, na kwapani hakukosa kitabu chake alichokivika karatasi ya kaki. Kitabu hicho alikuwa amekifundishia miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kukiandika hata alama ya kalamu. Siku tatu alisimama mbele ya ukuta wa Dorine akiangalia. Siku ya nne aliibandua michoro yote, mmoja mmoja, kwa uangalifu bila kuichana, akaitia kwenye faili, akaenda nayo kwa préfète.

Hoja yake ilikuwa fupi. Kitabu kilikuwa na picha ya jua, na katika picha hiyo madoa yalisafiri yakilala, kutoka kushoto kwenda kulia, siku baada ya siku. Kwenye michoro ya Dorine madoa yalitokea chini, yakapanda, yakaishia juu, kama siafu ukutani. Kwa hiyo mama huyu alikuwa akigeuza karatasi ovyo, au alikuwa akichora ya kichwani mwake. Na wasichana wa mwaka wa mwisho walikuwa karibu kufanya mtihani wa taifa. Hakutaka waingie na kosa machoni.

Jumatatu Dorine aliitwa ofisini. Alikwenda na mchoro wa siku hiyo mkononi, akidhani anaitiwa mapazia. Wenceslas alimfungulia kitabu, akamwonyesha picha, akamweleza polepole, kwa sauti ya upole, na upole ule ndio uliomchoma zaidi.

"Mama, sisemi eti unadanganya," alimwambia. "Ninasema tu, jicho ya kushona haiko jicho ya fizike."

Dorine aliuviringisha mchoro wake kama futi. Mama Léonie aliangalia dirishani, kwenye mapazia aliyoyashona Dorine huyuhuyu, na ilionekana wazi hapendi anachotaka kusema. Alisema Jumamosi. Kama kufikia Jumamosi Dorine hajamwonyesha profesa kwamba michoro ni sahihi, darubini itarudi shuleni, itafungiwa kabatini, na ufunguo atakaa nao yeye. Dorine aliomba kitu kimoja tu, kwamba iwe saa mbili asubuhi, saa ambayo yeye huchora. Akakubaliwa.

Alirudi nyumbani kwa miguu, na kila hatua lile jicho la kushona lilimpiga kisogoni. Akautandaza mchoro wa asubuhi ile mezani. Madoa mawili mapya, moja kubwa na moja dogo kama mtoto wake, yalikuwa yamechungulia kwenye ukingo wa chini. Wa chini, si wa kushoto. Aliyaona pale kwa jicho lake. Lakini kitabu ni kitabu, na yeye ni nani? Aliyekiandika hakuishia mwaka wa tatu.

Basi akafanya jambo ambalo hadi leo akilisimulia anaangalia pembeni. Alichukua karatasi safi, akaanza kunakili michoro yake kutoka kwenye daftari alimoweka nakala ya kila mmoja, ila safari hii kila mmoja akiugeuza robo, madoa yakalala yakaenda kutoka kushoto hadi kulia kama ya kitabu. Alinakili kumi. Zilikuwa nakala nzuri kweli, na profesa angezipenda, na darubini ingebaki uani.

Saa kumi Aubin alitoka kazini. Akaokota nakala moja mezani, akaigeuza hivi, akaigeuza vile.

"Mama Olive, hii ni jua ya wapi?"

"Ya kitabu."

Aubin aliirudisha mezani, akaomba chai. Heri angegomba. Dorine alizikusanya nakala zote kumi, akazisukuma chini ya meza ya kukatia, na usiku hakuwa na hamu hata ya chakula.

Jumatano alikuja mteja na sketi ya kitenge, imeshonwa na fundi mwingine, analalamika kwamba inajizungusha kiunoni akitembea. Mshono wa ubavuni unaanzia pajani, unaishia mbele ya goti. Dorine hakuhitaji kuipima. Aliilaza mezani, akapapasa, akajua: aliyeikata hakufuata nyuzi. Huenda alipewa karatasi ya kukatia isiyo na mshale, akaigeuza hivi, akaigeuza vile, akaona inatosha popote, akakata.

Hapo mkono wake ukasimama juu ya kitambaa. Alimwona Aubin na ile karatasi. Hivi, na vile. Michoro arobaini na mmoja alikuwa ameipeleka shuleni, na hata mmoja hakuuchorea mshale. Duara halina juu wala chini. Mtu yeyote angeweza kuigeuza apendavyo, na akagombana na kitabu, na akamwita mwongo. Kosa ambalo mama yake alimpigia rula, amelifanya mara arobaini na moja, tena kwenye kazi aliyoipenda kuliko zote. Aibu ilimpanda. Lakini nyuma ya aibu kulikuja kitu kingine, cha moto zaidi, kwa sababu hili lilikuwa jambo la kushona, na jambo la kushona yeye analiweza. Kilichobaki ni kujua nyuzi za jua zinaelekea wapi.

Alhamisi saa mbili alikaa uani, jicho kwenye darubini, mikono mapajani, anawaza. Akawaza hata akasahau kuisogeza. Jua likaanza kutoroka kama kawaida yake, naye akaliacha. Lilipanda. Ukingo wa juu ukapotea kwanza, kisha madoa, kisha ukingo wa chini, na pakabaki weusi mtupu. Akalirudisha, akaondoa mikono. Likapanda tena. Mara nne alilirudisha, na mara nne likatokea njia ileile. Miezi minne alikuwa akilisukumia darubini kila asubuhi, wala hakuwahi kujiuliza linakimbilia wapi.

Na linakimbilia wapi? Hata muuza mkaa anajua. Jua linatoka mashariki linakwenda magharibi. Ukingo unaotangulia kutoka ndio wa magharibi, na ule ulikuwa wa juu. Dorine alisimama, akageuka kuangalia magharibi, upande wa Sake na Mugunga, akageuka tena kuangalia jua lilipo. Huku kwetu asubuhi jua halitambai pembeni mwa anga. Linapanda kama mtu anayepanda ngazi. Kwa hiyo madoa, ambayo yale maelezo ya sandukuni yalisema huvuka kutoka mashariki kwenda magharibi, lazima yapande nalo. Alijipiga paja, akasema peke yake kwamba hakukosea, kisha akalisema tena kwa sauti kubwa, jirani akachungulia.

Kuona peke yake hakukutosha. Alitaka profesa aone. Kwenye kikapu cha mabaki alikuwa na kipande cha organza, kitambaa chepesi kama utando, kilichobaki kwenye gauni la harusi. Alichomoa unywele mmoja wa uzi, mwembamba hata kuushika ilikuwa kazi. Akakifungua kile kipande cha darubini cha kutazamia, akaunyoosha uzi katikati ya pete yake ya ndani, akaushika kwa tone la rangi ya kucha kila upande. Alipochungulia tena, jua lilikuwa limepasuliwa na mstari mmoja mweusi. Akakizungusha kipande kile polepole hadi doa kubwa, likiachwa litembee lenyewe, likatembea juu ya uzi bila kuuacha. Uzi ulisimama karibu wima, umeinama kidogo tu. Huo ndio ulikuwa droit-fil wa jua. Akachora mchoro wa siku, na kabla ya doa la kwanza akachora mshale.

Ijumaa anga lilifunga. Mawingu yalikaa juu ya ziwa na moshi wa mlima ukajiongeza juu yake, na Dorine alishinda akitoka nje na kurudi ndani hadi Aubin akamwomba achague upande mmoja. Jumamosi aliamka likiwa lilelile. Alipanda pikipiki, darubini imefungwa kwa kitenge kifuani kwake, sanduku la sindano na bahasha ya nakala na michoro ya wiki begani, akamwambia dereva kwamba akikanyaga shimo moja tu watazungumza.

Uani pa shule walikuwepo Mama Léonie, Wenceslas na kitabu chake, na wasichana wa mwaka wa mwisho ambao hakuna aliyewaita. Saa mbili ikafika, mawingu yapo. Saa mbili na dakika tano. Préfète akaangalia saa yake, akaificha chini ya mkono wa gauni, asionekane anaangalia. Dorine hakutazama juu. Alisimamisha darubini, akakagua kichujio, akatundika mkasi wake kwa uzi kwenye mguu mmoja wa darubini ili uning'inie wima na kila mtu aone juu ni wapi na chini ni wapi. Wenceslas, kwa haki, aliuliza kama darubini yenyewe haigeuzi vitu juu chini. Dorine alimjibu kwamba wiki ya kwanza kabisa aliielekeza kwenye msalaba wa kanisa, mbali na jua, na msalaba ulisimama kama msalaba. Profesa aliitikia kwa kichwa.

Saa mbili na robo kivuli cha darubini kilitokea kwenye lava ya uwanja wa shule, kwanza hafifu, kisha cheusi. Dorine alilitafuta jua, akaliweka chini ya uzi, akarudi nyuma hatua mbili na mikono yake ikiwa nyuma ya mgongo.

"Prof, usiguse kitu. Angalia ile doa kubwa, halafu uniambie inaenda wapi."

Wenceslas aliinama. Alikaa dakika nzima. Mkono wake mmoja uliokuwa umeshika kitabu uliteremka taratibu hadi kitabu kikagusa goti.

"Inapanda," alisema. "Iko juu ya uzi, na inapanda."

"Kuna mutu anaisukuma?"

"Hakuna."

"Basi upande inatangulia kutoka, ndio Magharibi. Kwetu saa hii Magharibi iko juu. Na buku yako inasema madoa inaendaka wapi?"

Wenceslas alifungua kitabu pale pale, akasimama anasoma, si ile picha bali mistari iliyoizunguka. Madoa huvuka kutoka mashariki kwenda magharibi, ndivyo kilivyosema, sawa na Dorine. Kisha akakikaribiza usoni, kwa sababu chini ya picha palikuwa na maandishi madogo ya mlalo, na nadhani hakuna mwalimu aliyewahi kuyasoma tangu kitabu kichapwe. Aliyasoma kwa Kifaransa, halafu akawageukia wasichana akayasema kwa Kiswahili: picha ilichorwa saa sita mchana, Ulaya, mtazamaji akiwa ameelekea kusini, magharibi ikiwa mkono wake wa kulia.

Wenceslas alikifunga kitabu. Mtu mwingine angetafuta pa kujificha, angesema uzi umepinda au darubini ni mbovu. Yeye alivua miwani, akaifuta kwa shati lake la pasi.

"Miaka onze ninafundisha hii picha," alisema. "Butembo nako jua inapandaka vile vile, na sikuulizaka huyu mwenye kuandika alikuwa amesimama wapi."

Dorine angeweza kumalizia pale. Alikuwa na la kumwambia kuhusu jicho la kushona, alikuwa amelinoa tangu Jumatatu, na préfète alimwangalia kama anayelisubiri. Badala yake alifungua bahasha, akatoa zile nakala kumi, akamkabidhi profesa mbele ya wote, akakiri kwamba amezigeuza kwa woga ili zifanane na kitabu. Akaongeza kwamba profesa naye alikuwa na haki upande mmoja: michoro yote arobaini na mmoja haikuwa na mshale, na fundi asiyeweka mshale hana wa kumlaumu nguo ikijipinda. Alisema akiwa amesimama wima, na nakuambia hakuna aliyemdharau.

Kisha akachora jua la siku hiyo, mshale kwanza. Yale madoa mawili ya Jumatatu, kubwa na mtoto wake, yalikuwa yamefika karibu na katikati. Wenceslas aliomba michoro ya wiki nzima, ya Jumatatu hadi Alhamisi na huu wa Jumamosi, akaipanga mmoja juu ya mwingine, akaipepesa kwa kidole gumba mbele ya macho ya wasichana. Madoa yalipanda. Wakaomba aipepese tena. Halafu wakapanga mstari mbele ya darubini, na kila msichana aliyeinama aliinuka na neno moja, inapanda, inapanda, hadi wa mwisho, ambaye alilipaza kama anayejibu litania kanisani.

Kule maabara faili lilifunguliwa. Dorine aliketi kwenye dawati la mwanafunzi, dawati la mwaka wa sita ambalo hakuwahi kulifikia, akachora mshale kwenye karatasi moja baada ya nyingine, zote arobaini na moja, kwa kuwa zote zilichorwa saa ileile na yeye alijua mkono wake uliandika tarehe upande gani. Wenceslas alipanda juu ya meza, akazibandika yeye mwenyewe aliyezibandua. Kwa kila moja aliuliza mshale unaelekea wapi, na kwa kila moja Dorine alimjibu, juu, prof, juu. Alipomaliza alishuka, akatoa kalamu mfukoni, na kwenye kile kitabu kisicho na alama akachora mshale mkubwa kando ya picha, akaandika chini yake kwamba huku kwetu ziangaliwe zile za ukutani.

Ikabaki shauri la kabati. Mama Léonie alilifungua, akaweka ndani zile nakala kumi za uongo, akafunga, akaweka ufunguo mfukoni. Darubini akamsaidia Dorine kuifunga kwenye kitenge.

Alirudi Keshero saa nne, pikipiki ileile, na safari hii hakumtisha dereva kwa lolote. Mlangoni palikuwa na wateja watatu na bibi harusi mmoja mwenye uso wa machozi. Aliwapita wote akaenda uani, akaisimamisha darubini mahali pake juu ya lava. Aubin alikuwa ameketi kwenye kigoda, chai imepoa mkononi bila kunywewa. Alipokea mchoro wa siku ile, akautazama. Alianza kuugeuza, akauona mshale, akaacha.

"Mama Olive, na hii ni jua ya wapi?"

"Ya Goma," Dorine alisema, akaenda kumpima bibi harusi.